Cheche Ndani ya Mwili: Kwa Nini Panya Huzeeka Upesi na Fuko Hudumu

(Mazungumzo haya yalitolewa na Afisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo. Tumeyachapa kama alivyoyasema.)



Mlipendekeza wenyewe tuzungumze juu ya uzee. Sababu naijua. Siku hizi gulioni wanakuja wauzaji wa vidonge na maji ya chupa, wamefunga kipaza sauti juu ya gari. Wanatangaza kwamba dawa yao inaondoa sumu ya oksijeni na kurudisha ujana. Mtu anauza kuku wawili anunue kichupa kimoja. Basi leo tulitazame jambo lenyewe, kila mtu aamue akiwa anajua.

Mwili wa mnyama, na wetu pia, umejengwa kwa seli. Seli ni vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ndani ya seli kuna vijumba vidogo zaidi viitwavyo mitokondria. Hilo ndilo jiko la seli. Ugali uliokula jana usiku ulisagwa tumboni, ukaingia katika damu, ukafika humo. Humo unaunguzwa polepole kwa oksijeni unayovuta puani. Nguvu inayopatikana ndiyo hiyo unayolimia.

Sasa niambieni, ni jiko gani lisilorusha cheche? Katika mitokondria, oksijeni kidogo huponyoka kabla ya kazi kukamilika, ikawa kitu kikali. Wataalamu wanasema radikali huru. Mimi nitasema cheche, tuelewane. Cheche ikigusa protini, inaiharibu. Ikigusa mafuta yaliyomo katika kuta za seli, yanachacha kama samli ya zamani. Ikigusa maandishi ya urithi, yale yanayoitwa DNA, inaharibu herufi zake. Jembe lililosahauliwa nje wakati wa masika linashikwa kutu, na oksijeni imo katika shughuli hiyo pia. Hewa inayotuweka hai ndiyo hiyo inayotuchakaza.

Lakini mwili haukuachwa hivi hivi. Una zimamoto wake. Kuna vimeng'enya vinavyozima cheche, na kuna vitamini kama C na E zinazosaidia.

Mwaka 1956 mtaalamu wa Marekani, Denham Harman, alisema kwamba uzee ni madhara ya cheche hizi yanayojikusanya siku hadi siku. Mwaka 1972 akaongeza kwamba mahali penyewe ni mitokondria. (Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 98, kwa hiyo jiko lake halikuwa baya.) Hapo ndipo muuzaji wetu alipopata maneno yake. Anasema, kama cheche ndizo zinazozeesha, basi meza vizima-cheche kwa wingi utabaki kijana. Hesabu inaonekana nyepesi. Lakini kabla hatujatoa fedha, tuwaulize wanyama.

Zamani zaidi, mwaka 1908, Mjerumani Max Rubner alilinganisha wanyama wa kufugwa: simbilisi, paka, mbwa, ng'ombe na farasi. Akaona kwamba kila gramu ya mwili wao huunguza nguvu karibu sawa katika maisha yote. Mwenye moto mkali anamaliza kuni mapema, mwenye moto wa taratibu anachelewa. Ndiyo maana, walisema watu, panya anakufa akiwa na miaka miwili au mitatu na tembo anapita sitini. Mpaka leo utasikia mtu anakataa kazi akisema anatunza mwili usiishe.

Maelezo hayo yanapendeza, ila njiwa anayaharibu. Njiwa na panya mkubwa wa maabara wanakaribiana uzito, na miili yao inaunguza chakula kwa kasi inayokaribiana. Panya anaishi miaka 4 hivi akibahatika sana. Njiwa anaweza kufika 35. Popo naye? Huko Siberia, mwaka 1964, popo mmoja alivishwa pete ya alama. Mwaka 2005 akakamatwa tena akiwa hai, miaka 41 baadaye. Uzito wake ni kama gramu 7, yaani karibu vijiko viwili vya chai vya sukari! Na kuruka ni kazi ngumu kuliko kulima.

Wataalamu, akiwamo Gustavo Barja wa Madrid, walipima mitokondria za njiwa na za panya. Wengi walitazamia kukuta njiwa ana zimamoto wengi. Haikuwa hivyo. Kwa kawaida wanyama wanaoishi sana wana vizima-cheche vichache kuliko wanaokufa mapema. Tofauti iko kwenye jiko: mitokondria ya njiwa inavujisha cheche chache tangu mwanzo. Mwenye jiko zuri hahitaji ndoo nyingi za maji mlangoni.

Kuna na jambo la kuta. Akina mama mnajua kwamba mafuta ya nazi yanakaa muda mrefu bila kuharibika, lakini dagaa wenye mafuta wanachacha upesi. Mafuta hayalingani. Katika kuta za seli za panya yamo mafuta mengi ya aina ile inayochacha upesi. Za ndege na za wanyama wengine wanaodumu zina mafuta hayo kwa uchache, kwa hiyo hata cheche ikiruka haipati pa kushika.

Sasa nije kwa mnyama ninayempenda zaidi, ingawa sura yake haivutii. Siyo fuko huyu anayekula mihogo yetu. Ni fuko uchi, hana manyoya, ana meno ya mbele yaliyochomoza nje ya mdomo. Anaishi chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 1981 Jennifer Jarvis alieleza kwamba fuko hawa wanaishi kama mchwa: malkia mmoja anazaa, wengine wanachimba na kulinda. Ukubwa wake ni kama panya wa nyumbani, lakini anapita miaka 30. Kansa kwake ni nadra mno. Kwa binadamu mzima, hatari ya kufa huongezeka maradufu kila baada ya miaka 8 hivi. Kwa fuko huyu, hesabu iliyochapishwa mwaka 2018 haikuona hatari hiyo ikipanda kwa umri.

Mtasema bila shaka mwili wake hauna kutu. La! Mwaka 2006 ilionekana kwamba hata akiwa kijana, madhara ya cheche mwilini mwake ni mengi kuliko ya panya. Anaishi nayo. Na huko Texas panya waliopunguziwa nusu ya kimeng'enya kimoja cha kuzima cheche ndani ya mitokondria walipata madhara zaidi kwenye DNA, wakapata kansa zaidi, lakini umri wao wa kuishi haukupungua. Kwa hiyo wataalamu wengi hawasemi tena kwamba cheche peke yake ndiyo uzee. Kuna ufundi wa kukarabati, na mnyama amerithi ufundi huo, hakuununua.

Kuna lililorefusha maisha ya panya kweli. Mwaka 1935 Clive McCay wa Marekani aliwapa panya chakula kidogo chenye vitamini zote, wakaishi zaidi ya wenzao walioshiba. Tafadhali msirudi nyumbani mkasema afisa amekuja kutuhimiza njaa! Panya wale walipimiwa kila kitu, na hawakuwa na shamba la kulima.

Turudi kwa vidonge, maana vimejaribiwa kwa binadamu pia. Huko Finland wanaume 29,133 wavuta sigara walipewa vitamini E, au beta-karotini, au zote mbili, au vidonge visivyo na dawa, kwa miaka 5 hadi 8. Majibu yalitoka mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Jaribio jingine kama hilo Marekani lilisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu hiyo hiyo. Beta-karotini ni kitu kile kile kilichomo katika karoti na maembe, ila kwenye vidonge ilikuwa nyingi mno. Karoti na maembe kuleni bila wasiwasi. Na mwili wenyewe unazihitaji cheche kiasi: chembe nyeupe za damu huzitumia kuua vijidudu.

Mama mmoja alinionyesha hapa mlangoni kichupa alichonunua juzi. Tumesoma karatasi yake pamoja, neno kwa neno. Hakuna mahali palipoandikwa kimejaribiwa kwa nani, wala kwa muda gani. Kipo hapa mezani, mkitazame na nyinyi.

Naona mikono imenyooshwa. Tuanze na mzee yule wa nyuma.