FUNDI NA GITAA LA KALE

Somo: Wagalatia 6:1-5



Leo nataka tufikiri habari ya gitaa la umeme. Si lile jipya la dukani, bali la kale, kama lile liitwalo Stratocaster, ambalo kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuliuza mwaka 1954. Magitaa ya miaka ile yangaliko, na mengine yangali yakipigwa. Lakini chuma hushika kutu, waya hukatika, na vipuri vyake havipatikani katika kila duka. Siku moja mpigaji anagusa nyuzi, na kikuza sauti kiko kimya. Afanyeje?

Yuko atakayemwambia, "Litupe, ununue jingine." Fundi wa kweli hasemi hivyo. Kwanza anatafuta mahali palipoharibika. Pengine ni waya mmoja tu uliobanduka pale ulipounganishwa kwa risasi, na kazi yake ni ya dakika tano. Asiyetafuta kwanza atabadilisha vipuri vizima, na kile kibovu akiache ndani.

Pili, fundi hupima. Gitaa la zamani la Marekani lina skrubu za kipimo cha inchi, na vipuri vingi vitokavyo Asia ni vya milimita. Kwa macho vinafanana. Skrubu isiyo yake huingia mizunguko miwili, kisha hukwama. Ukiilazimisha kwa bisibisi utayasaga meno ya tundu, na sasa umeharibu hata kilichokuwa kizima. Fundi huitoa polepole, akatafuta inayofaa. Isipopatikana, hutengeneza. Kile kipande kidogo chenye mitaro, kinachoshika nyuzi karibu na kichwa cha gitaa, huweza kuchongwa kwa mfupa wa ng'ombe. Mfupa ule ule tunaowatupia mbwa, ukisafishwa mafuta, ukakaushwa na kupigwa tupa, hufanya kazi hiyo vizuri sana.

Tatu, fundi hujua cha kuhifadhi. Chini ya nyuzi za chuma mna sumaku, nazo zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, yapata mizunguko 8,000. Uzi ukitikisika, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya huo, ukaenda kwenye kikuza sauti. Waya ukikatika, sauti hufa. Lakini sumaku zingalimo! Fundi huondoa waya uliooza, akazungusha mpya, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Akivuta kwa nguvu, unakatika. Akiulegeza mno, kazi inaharibika. Na kama sumaku zimepungukiwa na nguvu, huziweka kati ya sumaku kubwa zaidi, nazo hupata nguvu tena.

Ndugu zangu, Mtume Paulo aliwaagiza Wagalatia kwamba mtu akinaswa katika kosa, wale waongozwao na Roho wamrudishe kwa upole, kila mmoja akijiangalia nafsi yake. Neno la Kiyunani alilotumia kwa kumrudisha mtu huyo ni lile lile tunalolikuta katika Marko 1:19, pale Yakobo na Yohana walipokuwa mashuani wakizitengeneza nyavu zao. Hii ni kazi ya fundi. Mvuvi hatupi wavu kwa sababu ya tundu moja.

Sasa tujiulize juu ya kanisa letu. Yuko mzee aliyekuwa akiongoza nyimbo. Alianguka katika ulevi, akazuiwa kushiriki Meza ya Bwana. Sisemi kwamba kosa si kosa. Paulo mwenyewe analiita kosa. Nauliza tu: baada ya hapo, ni nani aliyekwenda nyumbani kwake? Majuma yakawa miezi. Nafasi yake akapewa mwingine, nasi tukasema, "Huyo amekwisha." Wachache walimwendea, lakini walikwenda na bisibisi ya kulazimisha. Walimkaripia mbele ya mkewe na watoto, wakaondoka kabla ya chai. Hakuna aliyeuliza ilianzaje. Angaliuliza, angaliambiwa kwamba alianza kunywa juma lile alipomzika mwanawe.

Mpendwa, waya umekatika, lakini sumaku ingalimo. Mungu aliyemwita mtu huyo hajajuta kumwita. Nguvu ikipungua, aletwe karibu na Yeye aliye na nguvu zote. Wala ziara moja haitoshi. Kazi hii ni ya mzunguko mmoja baada ya mwingine: leo kusalimu, kesho kumsaidia shambani, siku nyingine kuomba pamoja naye. Hakuna njia ya mkato.

Na wewe usikilizaye, ambaye umenyamaza siku nyingi, ukidhani umekuwa chuma chakavu, jua kwamba Kristo hajakutupa. Yeye anajua hasa mahali palipokatika. Mwonyeshe.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kuwatupa wale uliowafia. Utupe macho ya kutafuta, mikono ya upole, na uvumilivu wa kurudi tena. Uwarudishie sauti walionyamaza, wakusifu pamoja nasi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.