Watumishi Wasioandikwa



Siku ya Jubilei ni siku ya kuhesabu neema. Katika kitabu hiki mtasoma ya kwamba Jimbo letu la Mbinga lilizaliwa mwaka 1986, likitengwa na Jimbo la Songea, na ya kwamba Askofu wake wa kwanza alikuwa Emmanuel Mapunda. Ni haki majina ya namna hii yaandikwe. Lakini sisi makatekista tumeombwa kuwanenea wale ambao kazi yao haikupata kuandikwa.

Tukumbuke kwanza siku za vita vya 1914 hata 1918. Wamisionari Wabenediktini waliokuwa Wajerumani waliondolewa katika nchi, na Wakristo wengi wakabaki bila padre. Nani aliyewakusanya watu siku ya Bwana? Nani aliyewafundisha watoto sala, akawazika wafu? Walikuwa waalimu wa dini, na wazee, na akina mama wa vijijini. Hata Wabenediktini waliporudi katika miaka ya 1920, waliwakuta Wakristo wangali Wakristo.

Watu wa namna hiyo hawajaisha. Hapa Lituhi twawaona kila siku, na kwa kuwa twawaona kila siku, twawasahau. Yuko mvuvi aachaye nyavu zake ili ampeleke mgonjwa kwa mtumbwi. Wako vijana wachukuao machela katika njia ya mlima usiku wa mvua. Wako akina mama ambao, panapokuwa na msiba, huteka maji ziwani kabla ya jua kutoka, nao huondoka wa mwisho, vyungu vikiisha kuoshwa.

Basi, tuseme kweli. Mwenzetu mmoja alifundisha wakatekumeni masika mazima katika kigango cha mbali. Watu wote walimsifu. Shamba lake la muhogo likasongwa na majani, mkewe akilima peke yake, mtoto mgongoni. Siku moja mama yule akauliza, "Sifa hizi tutazipika katika chungu gani?" Hakuna aliyejibu. Asubuhi ya pili wakaja waalimu wawili na majembe yao, nyuma yao wanafunzi wakubwa, nyuma yao wazee wa kigango. Kabla ya adhuhuri shamba lilikuwa safi.

Ndugu zetu Wamatengo huko mlimani wanalo neno ngokela, yaani watu kulima pamoja shamba la mmoja, kisha la mwingine. Kusaidiana hivyo twakujua sote. Kosa letu ni kusahau zamu ya yule aliyekuwa akitutumikia.

Wala sisi makatekista tusijitoe katika lawama. Mara nyingi tumeketi mbele na kushukuriwa, hali mama aliyefua vitambaa vya altare amesimama mlangoni.

Kwa hiyo twaomba neno moja. Kila kigango kiwaandike watumishi wake, na majina yao yasomwe mbele ya watu. Kisha waalimu na wazee waende nyumbani kwao, waulize, "Kazi gani imelala hapa kwa sababu yetu?" Wakiisha kujibiwa, waifanye, wala wasingoje Jubilei nyingine. Mtu akitumika bure, ni sadaka yake. Watoto wake wakilala na njaa kwa ajili hiyo, ni deni letu.

Mungu awabariki nyote.