Taa ya Kugeukia Isiyowaka Nyuma: Namna ya Kutafuta Kasoro Yake

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyokusudiwa wenye magari na madereva, wa mijini na wa mashambani.



Dereva atakaye kugeuka hana mdomo wa kusema na mtu aliye nyuma yake. Taa ya nyuma ndiyo mdomo wake. Katika Kenya magari hupita upande wa kushoto. Kwa hiyo mwenye kugeuka kulia hana budi kukata njia ya wale wanaomkabili, na tena kukata njia ya yule aliye nyuma, ambaye huenda amekwisha kuanza kumpita. Ikiwa taa ya kulia ya nyuma imekufa, mwenye pikipiki anayefuata haoni onyo lolote. Huona gari limepunguza mwendo, naye hudhani amepewa nafasi. Hapo ndipo msiba hutokea, na dereva huapa kwamba alionyesha ishara. Ni kweli aliionyesha, lakini iliyowaka ni taa ya mbele peke yake.

Zamani magari kama Morris Minor yalikuwa na mikono midogo iliyochomoka ubavuni ili kuonyesha upande wa kugeukia, mpaka taa za kupepesa ziliposhika mahali pake katika mwaka 1961. Mkono ule dereva aliweza kuutazama kwa kugeuza shingo. Taa ya nyuma hawezi kuiona akiwa kitini.

Hata hivyo gari lenyewe hutoa habari. Taa hizi zikiwa nzima hupepesa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Katika magari mengi, globu moja ikikatika, zile zilizobaki upande ule hupepesa upesi zaidi, na mlio wa tiki-tiki huenda mbio. Katika magari ya zamani huenda taa zikapepesa polepole au zisipepese kabisa. Dereva asikiaye mlio umebadilika na asimame mahali pa salama, avute breki ya mkono, awashe ishara, kisha alizunguke gari.

Jambo la kwanza ni kutazama ni taa zipi zilizokufa. Zikiwa zote za kulia na za kushoto, yafaa kutazama kwanza fyuzi na kile kifaa kinachozipepesa, ambacho mafundi hukiita flasha. Zikiwa zote za upande mmoja, huenda ni swichi ya kwenye usukani. Lakini ikiwa ya mbele yawaka, na ya nyuma peke yake ndiyo iliyokufa, basi katika magari mengi fyuzi, flasha na swichi hazina hatia, kwa kuwa ndizo hizo hizo zinazoilisha taa ya mbele. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha: hununua flasha mpya, na kasoro imo nyuma.

Jambo la pili ni globu. Itolewe na kutazamwa. Uzi wake ukiwa umekatika, au kioo kimekuwa cheusi, imekwisha kazi. Lakini jicho hudanganya. Njia iliyo bora ni kuibadilisha na ile ya nyuma ya upande wa pili. Ikiwaka kule, ni nzima. Kasoro i katika kishikio chake au katika waya. Isipowaka kule, na ile nyingine ikawaka hapa, inunuliwe globu mpya yenye nguvu ile ile, ambayo kwa kawaida ni wati 21. Jaribio hili halimgharimu mtu hata senti moja. Mwenye kutia globu za LED mahali pa zile za kawaida ajue kwamba hutumia umeme kidogo sana, na huenda taa zikapepesa mbio ingawa hakuna iliyokufa.

Jambo la tatu ni kishikio cha globu. Maji huingia kwa ufa wa kioo cha taa, yakaleta kutu na ukungu wa kijani kibichi juu ya shaba. Swichi izimwe, kishikio kisuguliwe kwa msasa laini, na ule ufa uzibwe. La sivyo kazi itarudiwa mvua ijayo.

Jambo la nne husahauliwa na wengi. Umeme ukitoka katika betri na kupita katika taa, lazima urudi, na njia yake ya kurudi ni chuma cha bodi ya gari. Njia hiyo ikizibwa na kutu, umeme hutafuta njia nyingine kupitia taa za jirani. Dalili yake ni hii: dereva akikanyaga breki huku ishara inawaka, taa za nyuma hufifia au hupepesa pamoja. Dawa yake ni kufungua skrubu inayoubana waya ule kwenye bodi, kusugua mpaka chuma king'ae, na kuikaza tena.

Yote hayo yakiwa sawa, itumike testa ili kujua kama umeme unafika katika kishikio. Usipofika, waya umekatika njiani. Mahali pa kutazama kwanza ni penye bawaba za buti, maana waya hupindwa hapo kila mara buti inapofunguliwa.

Iko hatari moja ya kuonywa. Fyuzi ikiungua, mtu asitie iliyo kubwa zaidi wala kipande cha waya. Fyuzi ni mlinzi. Kuungua kwake huwaokoa waya na gari zima wasishike moto.

Mpaka taa itengenezwe, dereva mwenye kugeuka kulia mchana na anyoshe mkono wa kuume nje ya dirisha, mapema, ili aliye nyuma aone. Usiku mkono hauonekani. Gari lililo hivyo lisitoke nyumbani. Na kila juma, kabla ya safari, mtu wa nyumbani aombwe kusimama nyuma ya gari na kutazama taa zote zikiwaka. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili, na mtoto wa shule aweza kuifanya.