Samaki Walio Chini ya Barafu

Mazungumzo ya leo hayahusu vikao vya marais wala bei ya mafuta. Yanahusu samaki 11 waliokuwa wakiishi katika kidimbwi nyuma ya nyumba moja mjini Coventry, katikati ya Uingereza, ambao nusura niwamalize wote kwa huruma.

Mimi ni mzaliwa wa Mwanza. Nimekulia mahali ambapo samaki ni mboga, ni biashara, na ni sababu ya watu kuamka usiku. Maji ya Ziwa Victoria hukaribia nyuzijoto 25 mwaka mzima, na kwa hiyo halikuwahi kunijia akilini swali la samaki hufanya nini baridi inapokuja. Mwezi Septemba mwaka 2009 nilipanga nyumba ya mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa amefiwa na mkewe, naye akihamia kwa binti yake. Samaki wale walinunuliwa na marehemu mkewe: koi 6, wale samaki wa Kijapani wenye madoa mekundu na meupe, na samaki wa dhahabu 5. Kwa binti yake hapakuwa na pa kuwaweka. Siku ya kunikabidhi funguo, mzee alisimama kando ya kidimbwi akaniuliza, "Utanitunzia?" Nami nikamjibu kwa majivuno ya mtu wa ziwani, "Mzee, samaki nawajua mimi."

Nilichokijua kilikuwa namna ya kuwakaanga.

Majira ya baridi yaliyofuata, ya mwaka 2009 kuingia 2010, yalikuwa makali kuliko yote yaliyoikumba Uingereza tangu yale ya mwaka 1978 na 1979. Mimi nikiwa nimevaa koti mbili na soksi za sufu, niliwatazama viumbe wale wamelala chini kabisa ya maji, hawatikisiki, nikawahurumia. Mwenye baridi hupewa chakula, ndivyo nilivyofundishwa nyumbani. Basi kila asubuhi nikawarushia punje za chakula. Barafu ilipofunga kidimbwi, nikaenda kuazima nyundo, nikaivunja. Usiku ikafunga tena, asubuhi nikaivunja tena. Majani ya mti wa jirani yaliyoanguka majini tangu Oktoba niliyaacha yazame. Nilidhani yatakuwa blanketi.

Barafu ilipoyeyuka, koi 4 walielea juu, matumbo yamegeukia mbinguni, na maji yakanuka kama yai viza. Ilinibidi kupiga simu. Mzee hakunilaumu. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama yule mweupe mwenye doa jekundu kichwani alikuwa miongoni mwa wafu. Hakuwamo. Akasema, "Huyo ndiye wa mke wangu," akaaga.

Ukimya ule ndio ulionipeleka maktaba, na kwa wafugaji wa samaki wa mji ule, watu wapole wasiochoka kuulizwa. Nitawaeleza waliyonifundisha.

Kwanza, maji yana tabia ya ajabu. Vitu vingi kadiri vinavyopoa ndivyo vinavyosinyaa na kuwa vizito zaidi kwa ujazo ule ule. Maji nayo hufanya hivyo, lakini hadi nyuzijoto 4 tu. Yakipoa kupita hapo hugeuka, yakaanza kuwa mepesi, na yakiwa barafu huelea. Kwa hiyo katika kidimbwi chenye kina cha kutosha, maji ya nyuzijoto 4 huzama na kukaa chini, na yaliyo baridi zaidi hubaki juu na kuganda. Barafu ile ile tunayoiogopa hugeuka dari linalowakinga samaki na upepo. Koi wanahitaji kina cha mita 1 na zaidi ili wapate pa kukimbilia. Kidimbwi cha kina cha sentimita 30 hakina chini wala juu, chote hupoa pamoja. Na mtu akiacha pampu yake ikivuta maji kutoka sakafuni na kuyamwaga juu, anayavuruga matabaka hayo kwa mikono yake mwenyewe. Pampu ya maji ipandishwe karibu na uso, na jiwe la kutoa mapovu ya hewa vilevile.

Pili, joto la mwili wa samaki ni joto la maji aliyomo. Sisi hula zaidi wakati wa baridi ili tupate kujipasha moto. Samaki hana moto wa kuuchochea. Maji yakishuka chini ya nyuzijoto 10, tumbo lake husaga chakula polepole mno. Wafugaji wengi huanza kupunguza chakula maji yakiwa na nyuzijoto 15, huhamia kwenye chakula kilichotengenezwa kwa kiini cha ngano, ambacho ni chepesi kusagika, na huacha kulisha kabisa maji yakishuka chini ya nyuzijoto 8 hivi. Samaki aliyenenepa wakati wa kiangazi huishi kwa akiba yake miezi mitatu, hata minne. Punje nilizokuwa nikiwarushia kwa upendo zilizama na kuoza. Kuoza huko hutoa amonia, na bakteria wa kwenye chujio ambao wangeila amonia hiyo huwa nao wamezorota kwa baridi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye muuaji mwenyewe, wasikilizaji, naye si baridi. Majani, kinyesi na mabaki ya chakula yaliyojaa sakafuni huliwa na vijidudu, na vijidudu hivyo huvuta oksijeni ileile inayovutwa na samaki. Oksijeni ikiisha, hufuata gesi ile ya yai viza pamoja na hewa ya ukaa, na dari la barafu huzizuia zisitoke. Samaki wangu walikosa hewa chini ya blanketi la majani nililowatandikia.

Kazi ya majira ya baridi, kwa hiyo, hufanywa kabla hayajafika. Mwezi Septemba au Oktoba mapema hutandazwa wavu juu ya kidimbwi ili majani yasiingie, na wavu huo humzuia korongo pia, ambaye huwavizia samaki wakiwa wazito wa kukimbia. Tope la chini huchotwa kwa wavu mdogo wa mpini mrefu, lakini si lote kwa siku moja, kwani chura nao hujificha humo kupitisha baridi. Mimea iliyokufa hukatwa. Ile inayoishi chini ya maji huachwa. Ikihitajika kuongeza maji, yasitoke bombani moja kwa moja na dawa yake ya klorini. Yatibiwe kwanza, kwa kuwa klorini huunguza matamvua.

Na barafu je? Nyundo, hapana. Sauti husafiri majini kwa kasi zaidi ya mara nne ya ile ya hewani, na samaki ana mstari wa fahamu ubavuni mwake unaohisi kila mtikisiko. Kila pigo nililopiga liliwagutusha viumbe waliokuwa wakibana matumizi ya nguvu zao za mwisho. Shirika la kutetea wanyama la RSPCA huwaonya watu kila mwaka wasivunje barafu kwa nguvu. Njia yao ni kuweka sufuria ya maji ya moto juu ya barafu mpaka itoboke yenyewe, ukiifunga sufuria kwa kamba isije ikazama. Maji ya moto hayamwagwi kidimbwini, wala chumvi, wala dawa ile inayozuia maji ya gari kuganda, ambayo ni sumu.

Hata suala la tundu lina ubishi wake. Baada ya baridi za miaka ile, shirika la uhifadhi ambalo leo huitwa Freshwater Habitats Trust liliwaomba wenye vidimbwi taarifa, na likafikia maoni kwamba kutoboa barafu hakuongezi oksijeni majini kwa kiasi cha kutajika. Oksijeni nyingi hutoka kwa mimea iliyomo majini, ambayo huendelea na kazi yake hata chini ya barafu mradi mwanga upenye. Barafu safi hupitisha mwanga, lakini theluji iliyorundikana juu yake huuziba. Wafugaji wa koi hawakuliacha tundu lao, wakisema kwamba kwenye kidimbwi chenye samaki wengi gesi mbaya lazima zipate mlango. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina haki kwa kadiri ya kidimbwi cha kila mmoja. Mimi huondoa theluji kwa ufagio laini, na tundu naliweka pia. Ufagio ndio ninaouamini zaidi.

Kuna jambo lililonishangaza siku nilipowazika wale 4: wote walikuwa koi. Samaki wa dhahabu hakufa hata mmoja. Maelezo kamili niliyapata miaka mingi baadaye, mwaka 2017, wanasayansi wa vyuo vikuu vya Oslo na Liverpool walipochapisha utafiti wao. Samaki wa dhahabu, pamoja na ndugu yake wa porini anayeishi katika maziwa ya kaskazini mwa Ulaya, anaweza kukaa bila oksijeni kwa muda mrefu. Kiumbe mwingine akikosa oksijeni hujaa asidi misulini mpaka afe. Huyu huigeuza asidi ile kuwa pombe, na pombe hiyo humtoka taratibu kupitia matamvua. Katika damu ya yule ndugu wa porini ilikutwa pombe zaidi ya miligramu 50 kwa kila mililita 100, kiasi ambacho dereva wa Scotland akikutwa nacho hushitakiwa. Koi hana kiwanda hicho. Kwa hiyo wakati wangu mmoja anahangaika na mwingine kalewa, mimi nilikuwa juu na nyundo.

Ninyi mlio Maskati na Dubai huenda mnatabasamu. Lakini kwenu tatizo ni hilo hilo kwa mlango mwingine. Maji ya nyuzijoto 4 yana uwezo wa kubeba oksijeni miligramu 13 hivi kwa lita. Ya nyuzijoto 30 hubeba 7 na nusu tu, nako samaki wa maji ya moto huvuta zaidi. Mwezi wenu wa kuogopa ni Julai. Na mlio Minnesota au Toronto, ambako barafu huwa nene kuliko kitabu cha simu cha zamani, msijaribu kidimbwi kifupi. Hamishieni samaki kwenye tangi katika chumba cha chini ya nyumba. Rafiki yangu mmoja wa Kisumu alitaka kupandikiza ngege, yaani sato, kidimbwini kwake huku Uingereza apate kitoweo cha nyumbani. Nilimkataza. Sato wa kwetu wengi hufa maji yakishuka kuelekea nyuzijoto 10, na huku hufika hapo kabla hata ya Krismasi.

Desemba ya mwaka 2010 ikaja. Uingereza haikuwa imepata Desemba ya baridi kama ile kwa miaka 100. Wastani wa joto la nchi nzima ulishuka chini ya sifuri. Safari hii wavu ulikuwa umetandazwa tangu Septemba, tope limechotwa, na kipimajoto kinaning'inia kwa uzi kwenye kina cha mita 1. Maji yaliposhuka chini ya 8 niliufungia mkebe wa chakula kabatini, na ufunguo nikampa mke wangu, kwa kuwa nilijijua. Kisha nikaanza kazi ngumu kuliko zote, ya kutofanya kitu. Kila asubuhi nilifagia theluji, nikaweka sufuria, nikapiga magoti kuchungulia. Walikuwa wamepangana sakafuni kama mitumbwi iliyofungwa gatini. Siku nyingine sikuona hata tamvua likifunguka, nikarudi ndani moyo ukinidunda.

Wote 7 waliivuka barafu. Hatari haikuwa imekwisha, na hili nawaomba mlisikie vizuri, kwa sababu wengi hupoteza samaki wakati ambapo wameshapumua. Mwezi Machi maji yanapoanza kupata joto, bakteria wa magonjwa huamka mapema kuliko kinga ya samaki, aliyefunga tangu Novemba. Yule koi mweupe mwenye doa jekundu alitokwa na kidonda ubavuni, magamba yamesimama kukizunguka. Daktari wa mifugo anayejua samaki alikisafisha na kukitia dawa, akaniagiza nibadilishe sehemu ya maji kidogo kidogo kila wiki, na nisikimbilie kumlisha ati apate nguvu. Kwa wiki tatu nilikuwa nikitoka na tochi kila usiku kumtazama.

Mzee alikuja mwishoni mwa mwezi huo pamoja na binti yake. Hakuingia ndani kwanza, alipitia mlango wa bustani. Nilimkuta amejikongoja hadi ukingoni, anahesabu kwa kidole, akakosea, akaanza upya. Alipofika wa saba, koi mweupe akapita taratibu karibu na uso wa maji, kovu la waridi ubavuni. Mzee akamfuata kwa macho mpaka akazama tena. Kisha akatia mkono mfukoni akatoa kipande cha mkate alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Nikamwonyesha kipimajoto. Kilisoma 7. Akakitazama, akanitazama mimi, akaurudisha mkate mfukoni.