Jicho Huona, Moyo Huhukumu

(Hotuba iliyosomwa msikitini mbele ya jamaa baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Maneno niliyopewa kuyaeleza leo yanahusu tofauti iliyopo kati ya jambo lionekanavyo na jambo lilivyo. Huenda mtu akadhani kwamba hili ni suala la wanafalsafa, lisilomhusu mkulima wala mama wa nyumbani. La hasha! Katika nchi yetu wenyewe watu wamepoteza maisha kwa sababu yake, kama tutakavyoona mbele.

Wanahistoria wanasimulia kwamba huko Basra, watu walitoka kuutazama mwezi mwandamo wa Ramadhani. Miongoni mwao alikuwamo Hadhrat Anas bin Malik (r.a.), sahaba aliyemtumikia Mtume Mtukufu (s.a.w.) tangu utoto wake, naye wakati huo alikuwa mzee wa karibu miaka mia moja. Akasema: Nauona, ule pale! Wengine wakatazama wasione kitu. Iyas bin Muawiya, ambaye baadaye alikuwa kadhi wa mji huo, akamwangalia usoni, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umepinda mbele ya jicho lake. Akausawazisha kwa upole, kisha akamwomba autazame tena mwezi. Mzee akatazama, asiuone.

Tuzingatie mambo mawili katika kisa hiki. Kwanza, Hadhrat Anas hakusema uongo. Kitu cheupe kilichopinda alikiona kweli, lakini kwa kuwa alikuwa akiutafuta mwezi, unywele ukawa mwezi. Pili, Iyas hakumfedhehesha mzee, wala hakuukubali ushahidi wake kwa kuustahi umri wake. Aliondoa kizuizi, kisha akauliza upya.

Katika mji huohuo wa Basra, yapata mwaka 965 wa Miladi, alizaliwa mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040. Kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, kina sehemu saba, na sehemu ya tatu ameitenga kwa makosa ya macho. Kabla yake, wengi wa wataalamu wa kale walishikilia kwamba jicho hutoa miali inayokwenda kuvigusa vitu. Yeye alieleza kwamba nuru hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Kisha akaongeza jambo lililo muhimu zaidi kwetu leo. Nuru peke yake haituambii kwamba hiki ni kitu gani, wala kwamba ni kikubwa au kiko mbali. Hayo huamuliwa na akili kwa kulinganisha na mazoea yake, tena kwa haraka kiasi kwamba mtu hatambui kuwa ameamua. Hudhani ameona tu.

Mfano mmoja alioueleza ni wa mwezi. Unapochomoza, mwezi huonekana mkubwa kama sinia, na ukifika utosini huonekana mdogo. Lakini shika punje moja ya njegere kwa mkono ulionyooshwa, funga jicho moja, uulenge mwezi. Punje hiyo itaufunika wote unapochomoza, na itaufunika wote ukiwa juu. Mwezi haukupungua. Hukumu yetu ndiyo iliyobadilika. Naye Imamu Ghazali (1058–1111) alitoa mfano wa kivuli. Ukikitazama utaapa kwamba kimesimama, lakini baada ya saa moja utakikuta mahali pengine, nawe utajua kwamba hakikusimama hata nukta moja.

Ndugu wapenzi, kukosea kuhusu mwezi na kivuli hakumdhuru mtu. Lakini akili ileile inayokosea hapo ndiyo tunayoitumia kumhukumu jirani.

Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi wanawake wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani kuhusu ukatili na afya, ya mwaka 2002, ilikadiria kwamba wanawake wazee wapatao 500 walikuwa wakiuawa kila mwaka hapa Tanzania kwa tuhuma hizo. Na ushahidi ulikuwa nini? Mara nyingi ulikuwa macho mekundu! Mtoto wa jirani amekufa, mpiga ramli ameulizwa, kidole kimeelekezwa kwa bibi kizee mwenye macho mekundu, na usiku watu wenye mapanga wakaja.

Basi tuitazame kweli ya macho yale. Mama huyo amepika tangu usichana wake juu ya mafiga matatu, ndani ya kijumba kisicho na dirisha. Kuni zimeadimika, hivyo huwasha mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake ni mkali. Pengine ameugua vikope, yaani trakoma. Wekundu ule ni hati ya utumishi wake. Kwa moshi huo aliwalisha watoto na wajukuu, na pengine hata hao waliokuja na mapanga! Wilayani Magu, waliotaka kuwaokoa wazee walifanya jambo la hekima: pamoja na kuelimisha vijiji, waliwasaidia akina mama kujenga majiko yanayopunguza moshi. Nao walifanya kama Iyas, waliondoa kizuizi.

Jicho la muuaji halikumdanganya. Lilimletea wekundu, na wekundu ulikuwapo. Neno "mchawi" halikutoka jichoni. Liliongezwa na moyo wenye msiba na hofu, na wakati mwingine moyo wenye tamaa ya shamba la mjane.

Sote twakijua kisa cha Hadhrat Usama bin Zaid (r.a.). Vitani alimwinulia mtu silaha, mtu yule akatamka kalima, naye akamwua, akidhani kwamba ameitamka kwa kuogopa silaha. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimwuliza kama alikuwa ameupasua moyo wa mtu yule hata akajua kilichomo. Aliirudia lawama yake mara nyingi, hata Usama akatamani angekuwa amesilimu siku ile tu. Usama alikuwa kipenzi cha Mtume, na dhana yake haikuwa ya kipuuzi, lakini hakuruhusiwa kuifanya dhana kuwa ujuzi.

Sisi hatushiki mapanga, Alhamdulillahi. Lakini je, ndimi zetu? Ndugu haonekani swala ya Alfajiri, twasema imani yake imepoa, kumbe anafanya kazi ya ulinzi wa usiku. Mjane ameonekana akiongea na mwanamume barazani, na kabla ya Magharibi mtaa mzima una habari, kumbe ni mdogo wake aliyetoka safari. Sifa ya mtu ikivunjwa hivyo, ni nani atakayepita nyumba kwa nyumba kuirudisha?

Kwa hiyo, kabla ya kusema tujiulize maswali matatu. Nimeona nini hasa? Nimeongeza nini juu ya nilichokiona? Na nikiwa nimekosea, ni nani atakayelipa? Mara nyingi atakayelipa si msemaji, bali ni aliyesemwa.

Wala isifahamike kwamba tunaambiwa tufumbe macho. Sura Al-Hujurat, inayotukataza dhana nyingi na upelelezi wa aibu za watu, ndiyo hiyohiyo inayotuamuru kuichunguza habari anayotuletea mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kama kuna shaka juu ya fedha za msikiti, zikaguliwe hesabu mbele ya wazee, na mweka hazina apewe nafasi ya kueleza. Huo ni uchunguzi, nao humlinda mwaminifu na kumfichua mwizi. Lakini minong'ono nje ya mlango wa msikiti haimlindi wala haimfichui yeyote.

Tukirudi nyumbani leo, kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja ambaye amekwisha kumhukumu moyoni mwake bila kumwuliza. Aende kwake, amsalimu, aketi naye, amsikilize.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atujalie kuifuata, atuonyeshe batili kuwa ni batili na atujalie kuiepuka, na awalinde mama zetu wazee popote walipo. Amin.

Wassalaam Alaikum Warahmatullahi Wabarakatuh.