Wenzetu wa Dukani



Sisi wa Reli hudhani kazi ya duka kubwa ni nyepesi, kwa kuwa haina grisi wala jua kali. Sivyo. Mtu husimama kutwa mbele ya mashine ya fedha, na saa zake hupangwa na meneja. Saa zikipunguzwa, mshahara nao umepungua.

Sikilizeni habari ya Jonquière, katika Quebec, nchi ya Kanada. Mwaka 2004 wafanya kazi wa duka la Walmart huko walijiunga na chama, nacho kikakubaliwa kwa sheria. Wakataka mapatano na tajiri wao. Kabla hayajapatikana, Februari 2005, kampuni ilitangaza kulifunga duka, ikisema halina faida. Aprili milango ikafungwa, watu wapata 190 wakakosa kazi.

Je, walinyamaza? La. Walishika njia ya sheria, na Juni 2014 mahakama ya juu kabisa ya Kanada iliamua kwamba kampuni ilivunja sheria ya kazi, fidia ipimwe. Lakini duka halikufunguliwa tena.

Ndugu, duka lile lilikuwa moja, na kampuni ina maelfu. Behewa lililokatwa njiani halifiki stesheni.

Humu Kenya wafanya kazi wa maduka wanacho chama chao. Basi ukienda kununua unga, muulize anayepokea fedha: "Ndugu yangu, kadi ya chama unayo?" Akisema hana, mweleze habari hii.