Barafu, Chisense na Njiapanda ya Kasomeno: Ubunifu wa Biashara Unamnufaisha Nani?

Mkinitaka nieleze jinsi ubunifu wa biashara unavyobadili maisha ya watu wa jimbo letu la Haut-Katanga, nitaanza na samaki wa mto Luapula, maana ndio waliotangulia kuipa uhai barabara ya Lubumbashi hadi Kasenga, inayopita Kasomeno.

Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na migodi yake ikakusanya maelfu ya wafanyakazi waliohitaji kitoweo. Wagiriki waliohamia Kasenga waliiona nafasi hiyo. Walileta mashua, barafu na malori, samaki wa Luapula na ziwa Mweru wakafika Élisabethville (Lubumbashi ya leo) wakiwa bado wabichi. Mji ulikula, na wavuvi wakapata fedha. Lakini mvuvi alikuwa na wavu tu. Barafu na lori vilikuwa vya mwingine, na samaki asiye na barafu huoza upesi, kwa hiyo aliuza kwa bei aliyopewa. Tena soko lilitaka samaki kuliko mto ulivyoweza kutoa. Samaki aitwaye mpumbu, aliyekuwa akipanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga, alivuliwa kwa tamaa ya mayai yake, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa amekwisha karibu kabisa.

Sasa tazameni chisense. Samaki huyu mdogo huvuliwa usiku kwa taa, kukicha anaanikwa juani, basi. Haombi barafu ya mtu. Mama mwenye mtaji mdogo ananunua, anajaza gunia, analipakia juu ya kamyo, na akifika Lubumbashi anauza kwa kipimo kidogo ambacho hata asiye na mshahara anakimudu, watoto wakala bukari (ugali) yenye kitoweo. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilipoporomoka miaka ya 1990 na mishahara ikakatika, biashara ndogo za namna hii ndizo zilizobeba nyumba nyingi. Kwangu huu ni ubunifu mkubwa kuliko barafu, kwa kuwa faida yake imegawanyika katika mikono mingi.

Nayasema haya kwa sababu ya mradi wa barabara ya kulipia ya Kasomeno hadi Mwenda, Zambia, ya kilomita zipatazo 184, pamoja na daraja la Luapula. Utayafupishia malori ya shaba safari ya Dar es Salaam na kupunguza msongamano wa mpaka wa Kasumbalesa. Ni jambo jema. Ila lori la shaba likipita bila kusimama, mkulima wa Kasomeno atabaki na vumbi badala ya soko la mahindi yake, na Lubumbashi itaendelea kutegemea mahindi ya Zambia, bei ikiruka kila mpaka unapofungwa.

Naomba semina hii iidai serikali ya jimbo mambo mawili kabla lami haijakamilika: ghala na soko hapa njiapanda ya Kasomeno vitakavyosimamiwa na ushirika wa wakulima na akina mama wa chisense, na nafuu ya ushuru wa barabara kwa gari linalobeba chakula.